Gramu za injini ya ndege ya modeli zitajwe kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo linaloonekana dogo lakini linaangusha ndege za watu: namna uzito wa injini za ndege za modeli, yaani ndege ndogo zinazorushwa kwa rimoti, unavyotajwa na kulinganishwa. Katika makala, majedwali na matangazo ya injini hizi, mbele ya kila jina huwekwa namba moja tu. Hii gramu 375, ile 490, ile nyingine 650. Msomaji anatoa ndogo kwenye kubwa, anapata tofauti, anafanya uamuzi. Kumbe namba hizo hazikupimwa katika hali moja: ya kwanza ni ya injini tupu, ya pili imejumlisha sailensa, na ya tatu haina hata kifaa cha kuiwasha.

Chukua O.S. 46AX ya Kijapani, injini ya mipigo miwili ya cc 7.45 inayofahamika sana kwa wanaojifunza kurusha. Bila sailensa ina gramu 375. Ikifungwa sailensa yake inafika karibu 490. Zaidi ya gramu 110 ziko kwenye kipande ambacho hakuna anayeruka bila hicho. Sasa iweke kwenye jedwali kando ya injini ya mipigo minne ya cc 9 au zaidi kidogo, ambayo bomba lake la moshi pamoja na kisailensa chake ni jambo la makumi machache ya gramu. Kwa namba za injini tupu, ya mipigo minne itaonekana nzito kupita kiasi, na mtu ataikimbia. Zikipimwa zote mbili tayari kwa kuruka, pengo hilo linapungua sana, na kwa baadhi ya injini linageuka kabisa: ya mipigo minne ndiyo nyepesi.

Lipo pia suala la vipimo. Injini nyingi bado huitwa kwa ujazo wa inchi za ujazo: 0.15, 0.40, 0.46, 0.61. Inchi moja ya ujazo ni cc 16.39, kwa hiyo 0.15 ni cc 2.5, 0.40 ni cc 6.5, 0.46 ni cc 7.5, na 0.61 ni cc 10. Uzito nao huandikwa kwa wakia, na wakia moja ni gramu 28.35. Wapo wanaozungusha kuwa 28 au 30. Kwenye injini ya wakia 17, kuzungusha kuwa 30 kunaongeza gramu 28 ambazo hazipo popote. Badilisha kwa namba kamili kwanza, zungusha mwishoni.

Jina la ujazo halisemi uzito. Injini mbili za 0.40 zinaweza kupishana kwa gramu 100 na zote zikawa nzima na nzuri. Moja ina bushi tu ya kushikilia krenkshafti, nyingine ina beringi mbili za gololi, na nyumba ya beringi ya nyuma inalazimisha kasha liwe nene. Moja ina pistoni ya aluminiamu yenye ringi ya chuma, nyingine pistoni ya aluminiamu isiyo na ringi ndani ya silinda ya shaba iliyopakwa kromu. Tena kuna jambo linalowashangaza wengi: watengenezaji hutumia kasha lilelile kwa 0.40 na 0.46, wakipanua tundu la silinda tu. Injini kubwa hapo inaweza kuwa sawa na ndogo au hata kuwa nyepesi kwa gramu chache, maana chuma kimetolewa, hakikuongezwa. Anayechagua 0.40 kwa kudhani anapunguza uzito anapunguza nguvu peke yake.

Kupima si kazi kubwa, ila ina utaratibu wake. Mizani ya kidijitali yenye hatua ya gramu 1 inatosha kwa injini za cc 5 kwenda juu. Kwa vijiinjini vya 0.049, yaani cc 0.8, tumia mizani ya hatua ya gramu 0.1, kwa sababu gramu moja kwenye kitu cha gramu 50 ni asilimia 2 nzima. Ikague mizani yenyewe kabla ya kuiamini. Weka chupa tupu, rudisha namba kwenye sifuri, kisha mimina maji kwa bomba la sindano la ml 50, mara 10. Mizani ikisoma karibu na gramu 500, iko sawa kwa kazi hii. Mizani nyingi hukosea mzigo ukikaa pembeni, kwa hiyo weka injini katikati ya sahani, soma, igeuze, soma tena.

Injini iwe kavu. Iliyotumika hubaki na mafuta ndani ya kasha na sailensa, na mafuta ya mbarika yaliyoungua hushika kama lami kwenye mapezi ya kupozea. Yasafishe, la sivyo utakuwa unalinganisha uchafu. Injini mpya nayo hutoka kwenye boksi ikiwa na mafuta ya kuizuia kutu. Kisha fungeni kila kinachoruka: plagi, sailensa na skrubu zake, nati na washa ya propela, propela yenyewe, kofia ya propela, maunti (kishikizo kinachofunga injini kwenye ubao wa ndege) na bolti zake nne. Andika kila kimoja peke yake halafu jumla. Kofia ya propela ya plastiki na ya aluminiamu za kipenyo kilekile zinaweza kupishana kwa makumi ya gramu, na gramu hizo ziko kwenye ncha kabisa ya pua, mahali zinapouma kuliko popote.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote ninayoyataja. Uzito wa injini bila mahali ilipo ni nusu ya habari. Kinachoamua kama ndege itaruka sawa ni kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika mbele na nyuma, na kitovu hicho kinasogezwa na zao la gramu na umbali. Tufanye hesabu moja hadi mwisho. Ndege ya mafunzo ina uzito wa gramu 2,500 bila mafuta, bawa lina urefu wa mita 1.43 na upana wa milimita 280, yaani eneo la desimita za mraba 40. Imekuwa ikiruka vizuri na injini ya bushi yenye gramu 365 pamoja na sailensa. Mwenyewe anaiondoa na kufunga ya gramu 489, umbali wa milimita 280 mbele ya kitovu cha uzito. Nyongeza ni gramu 124. Zidisha kwa 280, unapata 34,720. Gawanya kwa uzito mpya wa ndege, 2,624: kitovu kimesogea mbele milimita 13, karibu asilimia 5 ya upana wa bawa. Ndege ya namna hii hupaa, lakini wakati wa kutua pua hairudi juu, usukani wa mkia unafika mwisho kabla ya wakati, na gurudumu la mbele linapokea kipigo kisicho chake.

Wengi hapo hukimbilia risasi kwenye mkia. Mkia uko milimita 750 nyuma ya kitovu, kwa hiyo 34,720 ukigawa kwa 750 unapata gramu 46. Ndege sasa ni gramu 2,670. Injini iliyotajwa kuwa na gramu 124 zaidi imeleta gramu 170. Mzigo wa bawa, yaani uzito wa ndege ukigawanywa kwa eneo la bawa, umetoka gramu 62.5 kwa desimita ya mraba hadi karibu 67, na kasi ya chini ambayo ndege inaweza kubaki hewani imepanda kwa zaidi ya asilimia 3. Lakini risasi haikuwa lazima. Betri ya risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) ya gramu 100 iliyokuwa mbele, milimita 150 kabla ya kitovu, ikihamishwa hadi milimita 200 nyuma yake, inasafiri milimita 350: zao lake ni 35,000. Kitovu kimerudi pale kilipokuwa bila kuongezwa hata gramu moja ya risasi. Hesabu hii haichukui dakika tano, na haiwezekani kuifanya kama jedwali halikutaja umbali.

Umbali wenyewe hupimwa hivi. Injini ikiwa imefungwa kila kitu, ilaze juu ya penseli ya mviringo, penseli ikikatiza krenkshafti, uisogeze mpaka isielemee mbele wala nyuma. Weka alama, pima kutoka hapo hadi kwenye ubao wa kufungia injini. Ikikataa kulala, ining'inize kwa uzi ukitafuta sehemu inapobaki mlalo. Injini ya mipigo minne ina gia na vijiti vya valvu ambavyo huweza kuhamisha kitovu chake, na yenye kabureta nyuma huchukua nafasi ambayo kwenye nyingine ingekuwa wazi. Mbili zenye gramu sawa kabisa zinaweza kuhitaji maunti za urefu tofauti ili propela ifike mahali pamoja mbele ya boneti, na hapo usawa wa gramu hausaidii kitu.

Uzito wa pembeni nao hauandikwi. Kwenye injini ya mipigo miwili iliyosimama wima, sailensa hukaa upande wa kulia ukiitazama ndege kutoka nyuma. Sailensa ya gramu 110 ambayo kitovu chake kiko milimita 60 kutoka mstari wa katikati ina zao la 6,600. Ukigawa kwa milimita 700 hadi ncha ya bawa, unahitaji gramu 9 hivi kwenye ncha ya kushoto. Usipoziweka, ndege itanyooka kwa kasi ya kawaida kwa kuwa umeirekebisha kwa rimoti, halafu ikipunguza mwendo karibu na ardhi itaangukia bawa la kulia. Mtu atalaumu upepo.

Mafuta ni sehemu ya uzito wa injini, ingawa hakuna jedwali linaloyaweka. Mchanganyiko wa asilimia 72 methanoli, 18 mafuta ya kulainisha na 10 nitromethani una takriban gramu 0.86 kwa ml. Tangi la ml 296, yaani wakia 10 za ujazo, hubeba gramu 254. Likiwa milimita 100 mbele ya kitovu, ndege ileile ya gramu 2,670 huondoka chini kitovu kikiwa mbele kwa karibu milimita 9, na hurudi nyuma kadiri mafuta yanavyoisha. Ndiyo maana kitovu cha uzito hupimwa tangi likiwa tupu. Anayepima likiwa limejaa anaanza ruko salama na kulimaliza mkia ukiwa mzito, na mkia mzito ni hatari zaidi ya pua nzito, kwani ndege haishikiki.

Linganisha sasa na motor ya umeme, mahali ambapo majedwali hupotosha kuliko kote. Motor inayochukua nafasi ya injini ya 0.46 ina gramu 250 hadi 300, na jedwali linasherehekea: imeokoa karibu gramu 200! Hesabu yote. Upande wa methanoli: injini na sailensa 489, maunti 60, tangi tupu 40, mafuta 254, servo ya throto (kimota kidogo kinachoongeza na kupunguza mwendo wa injini) 45, betri ya risiva 100. Jumla 988 wakati wa kupaa. Upande wa umeme: motor 290, maunti yake 30, kidhibiti mwendo 70, betri kubwa 480, na hiyohiyo hulisha risiva. Jumla 870. Faida ipo, gramu 118, lakini ni ya wakati wa kupaa peke yake. Wakati wa kutua ya methanoli imebaki na 734, ya umeme ni ileile 870, maana betri iliyoisha haipungui uzito. Kama uwanja ni mfupi na kutua ndiko kunakokusumbua, jibu limegeuka. Kwa upande mwingine, betri ya gramu 480 husogezwa mbele na nyuma kwa ukanda wa kunata, na kusawazisha ndege kunakuwa rahisi kuliko kwa injini yoyote. Gramu za sehemu hizi hupishana kwa kila aina, kwa hiyo pima zako.

Jihadharini pia na majina ya motor za umeme. Motor ya 2212 kwa mtengenezaji mmoja ina maana kwamba kiini cha nyaya ndani kina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 12. Mwingine hutumia tarakimu nne kutaja ukubwa wa ganda la nje. Tarakimu zilezile, motor mbili tofauti, uzito tofauti. Kwa makadirio ya haraka, motor nzuri yenye hewa ya kutosha hubeba wati 3 kwa kila gramu yake bila kupata joto la kuiharibu. Tangazo la motor ya gramu 60 inayodai wati 500 mfululizo ni la kuachwa.

Petroli ina hesabu yake. Injini ya cc 20 inaweza kutajwa kuwa na gramu 650, lakini kisanduku cha igniseni, yaani kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta, peke yake kina gramu 120, na bado kuna sailensa, nguzo za kuiegemeza kwenye ubao, betri ya igniseni na swichi. Usishangae ikipita gramu 900. Yenyewe hujilipa kwenye tangi. Methanoli huungua kwa uwiano wa sehemu moja ya mafuta kwa 6.5 za hewa kwa uzito, petroli moja kwa 14.7. Kwa hewa ileile, methanoli inaliwa zaidi ya mara mbili. Kwa ruko la dakika 15, injini nzito ya petroli na tangi dogo inaweza kukaribia ile nyepesi iliyobeba tangi kubwa. Kwa dakika 6 haiwezi. Mirija ya silikoni inayotumika kwa methanoli haifai kwa petroli, huvimba na kulegea, kwa hiyo mirija na kizibo cha tangi hubadilishwa navyo.

Kwenye ukubwa mdogo, Cox Babe Bee ya Marekani ya 0.049 ina tangi lililoungwa nyuma ya kasha lake, na ndilo linalofungwa kwenye ubao. Uzito wake una tangi na maunti ndani. Ukiiweka kando ya injini nyingine ya 0.049 isiyo na tangi, bila maelezo, umeionea. Injini za dizeli za cc 1 hadi 2.5 nazo huonekana nzito, kwa kuwa mgandamizo wao unataka kasha na krenkshafti imara. Lakini hazina plagi ya kuunguza wala betri ya kuiwashia, na huzungusha propela kubwa zaidi kwa mizunguko ya chini, jambo linalofaa sana ndege za polepole.

Isidhaniwe kwamba nyepesi ndiyo bora siku zote. Ndege za modeli zinazofuata umbo la Sopwith Camel zina pua fupi, kwa sababu ndege halisi ilibeba injini nzito ya duara iliyozunguka yenyewe pamoja na propela. Kwenye modeli kama hiyo, injini ya mipigo minne yenye gramu 150 zaidi ni bora kuliko nyepesi inayodai gramu 200 za risasi kando yake. Risasi haizungushi kitu. Kwenye ndege ya pua ndefu, mambo ni kinyume, na kila gramu ya mbele italipiwa nyuma.

Nguvu kwa gramu ni ulinganisho mwingine unaopendwa, na ni mzuri kama nguvu ni ya kweli. O.S. 46AX imetajwa kuwa na nguvu farasi 1.65 katika mizunguko 16,000 kwa dakika. Kwa propela ya kawaida ya inchi 11 kwa 6, injini ya aina hii hufanya kazi karibu na 12,000, na nguvu ya kilele haiguswi. Ulinganisho wa haki ni kufunga propela ileile kwenye injini zote mbili, mafuta yaleyale, siku ileile, kusoma mizunguko, kisha kugawa kwa uzito wa seti nzima.

Nguvu ya kutua nayo inataka gramu halisi. Ndege ikigonga chini na kusimama ghafla kwa nguvu ya mara 10 ya mvutano wa dunia, gramu 124 za ziada huvuta ubao wa injini kama kilo 1.24. Ubao uliogundishwa kwa ajili ya injini nyepesi hufunguka kwenye kona za chini kwanza, na ufa huo hauonekani mpaka tangi litolewe. Anayeongeza uzito aweke vipande vya mbao vya pembetatu ndani ya kona zote nne na kuzipaka gundi ya epoksi kabla ya kufunga injini, na bolti zishikwe na nati za meno upande wa nyuma, si skrubu za mbao.

Ombi langu kwa meza yenu, Mhariri, ni hili. Mnapochapisha uzito wa injini, andikeni umepimwa ikiwa na nini: tupu au na sailensa, na igniseni au bila, na maunti au bila. Ongezeni umbali wa kitovu chake kutoka ubao wa kufungia, na ujazo wa tangi linalofaa dakika 10. Kwa 46AX ya hapo juu sehemu ya uzito ya mstari huo ingesomeka: tupu gramu 375, na sailensa 489, seti ya kupaa 988, seti ya kutua 734. Nafasi inayohitajika ni maneno kumi na manne.

Wenu katika ufundi,
Msomaji wa safu ya sayansi na teknolojia